Tazama Ndege Kabla Hujanunua Dawa

Agosti inakwisha, na wakulima wa Kawempe, jijini Kampala, wako kwenye kazi zao za kila mwaka wakati huu: kufyeka, kulima, na kutazama mawingu. Mahindi ya ttoggo, msimu wa mvua wa kwanza, yalishavunwa. Udongo wa mabondeni, kuanzia Kyebando hadi Bwaise, umekauka na kupasuka. Ddumbi, msimu wa mvua wa pili, ikianza Septemba, kila mtu atakimbilia soko la Kalerwe kutafuta mbegu za mboga kama nakati, dodo na sukuma wiki, na wengi watapitia dukani kununua dawa ya wadudu kabla hawajamwona hata mdudu mmoja. Nawaomba msiinunue bado. Katika majuma haya machache yaliyobaki kabla ya mvua, amkeni mapema, simameni ukingoni mwa shamba, mtazame ndege.

Ndege hutafuta chakula tangu alfajiri hadi machweo, na wengi wao hula wadudu wale wale wanaokula mazao yenu. Mahali wanapotua, na kile wanachokichokoa hapo, ni habari ya hali ya shamba ambayo mkulima haipati dukani.

Wa kwanza kutazamwa ni nnyange, yaani yangeyange mweupe anayefuata ng'ombe. Kawempe ng'ombe ni wachache, kwa hiyo nnyange amezoea kumfuata mwenye jembe, na hata wafyekaji wa majani kando ya Northern Bypass. Anafuata kile kinachofukuliwa: panzi, nyenje, mabuu na buu-bwete wa viwavi. Hapo ndipo faida ilipo kwa mwenye mahindi. Viwavijeshi vamizi, waliogunduliwa Afrika mwaka 2016 na kuthibitishwa Uganda mwaka 2017, hawamalizi maisha yao juu ya mhindi. Kiwavi akishiba hushuka ardhini, akajifukia sentimeta chache tu chini, na humo hugeuka buu-bwete kabla ya kutoka akiwa nondo. Dawa inayopulizwa kwenye majani haimfikii huko. Jembe linamfikia, na mdomo wa nnyange unamalizia.

Kwa hiyo limeni asubuhi, na mkishageuza udongo msiusawazishe papo hapo. Uacheni wazi saa moja au mbili, watoto na mbwa wakae mbali, ndege wafanye kazi yao. Mwenye kipande kidogo anaweza kukigawa: nusu leo, nusu kesho, ili ndege wapate muda. Wengi hulima kutwa nzima kisha hufunika udongo haraka kwa kuona aibu ya shamba lenye madongoa. Hiyo haraka inawarudishia wadudu nyumba yao.

Wa pili ni kwarara, yule ndege wa kahawia mwenye mdomo mrefu uliopinda, ambaye kelele zake huamsha mtaa mzima kabla ya adhana. Yeye hutoboa udongo wenye unyevu akitafuta mabuu, minyoo na konokono. Mkiona kwarara wamekazana sehemu moja ya shamba ambalo halijapandwa, na kesho yake wamerudi pale pale, nendeni na jembe mfukue kiasi cha upana wa ungo. Mara nyingi mtakuta mabuu meupe yaliyojikunja, au sota, wale viwavi wanaokata mche shingoni usiku. Basi hiyo ndiyo sehemu ya kushughulikia. Igeuzeni tena baada ya siku chache, na msiiwekee miche ya kabichi wala nyanya mapema. Shamba lililobaki huenda halihitaji chochote.

Nnamunye, yule mdogo mweusi na mweupe anayetikisa mkia, ni wa nyumbani. Hutembea kati ya matuta ya mboga na kwenye uwanja wa banda la kuku akila inzi na wadudu wadogo. Sina ushauri mrefu juu yake ila huu: akitoweka kwenye bustani yenu ghafla baada ya kupuliza dawa, jueni dawa ile imefagia zaidi ya mliyemkusudia.

Sasa tushuke bondeni. Maji ya mfereji wa Nsooba hupita Kalerwe na Bwaise, huingia kinamasi cha Lubigi, na ingawa Ziwa Viktoria liko karibu, hayaendi huko. Huelekea kaskazini kwa mto Mayanja, hadi Kafu, na mwishowe Nile. Mafunjo ya Lubigi ndiyo yanayoyapunguzia maji hayo uchafu njiani, na ndiyo yanayoyazuia yasishuke yote kwa mara moja. Wakazi wa Bwaise hawahitaji kuelezwa maana ya maji kushuka yote kwa mara moja.

Ukingoni hapo kuna ndege wawili wa kuwatafuta. Mmoja ni kitwitwi, mwembamba wa kahawia na tumbo jeupe, anayetembea kwenye tope huku akipandisha na kushusha mkia bila kupumzika. Amefika majuzi tu kutoka Ulaya au Asia, na huwa miongoni mwa wahamiaji wa kwanza kuonekana, Agosti hii hii. Wa pili ni mdiria mdogo mwenye mgongo wa buluu na mdomo mwekundu. Huyu huvua samaki kwa macho: hukaa kwenye bua, hutazama chini, hujitosa. Maji yakiwa meusi kwa taka hawezi kuona, na samaki wenyewe hawapo. Palipo na mdiria, maji bado yana uhai. Palipobaki kalooli peke yao, wale korongo wakubwa wa majalalani, wamesimama juu ya takataka, msichote maji ya kumwagilia mboga za majani zinazoliwa mbichi au kupikwa kidogo. Tumieni maji ya mvua yaliyokingwa, au ya chemchemi iliyolindwa, hata kama ni kumwagilia kipande kidogo zaidi. Na ukosefu wa kalooli si cheti cha usafi: madini mazito kutoka gereji na viwanda hayaonekani kwa jicho la ndege wala la binadamu, nayo huingia kwenye magimbi yanayopandwa mferejini. Magimbi ni heri yapandwe juu kidogo, mbali na mdomo wa mfereji.

Najua wengi mnalima hadi kwenye mafunjo, na najua sababu: ardhi ya juu imejaa nyumba. Lakini kanuni za mwaka 2000 za usimamizi wa vinamasi na kingo za mito zinatenga ukanda wa meta 30 kwenye kingo za mito midogo, na mwaka 2024 NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, iliwaondoa watu Lubigi kwa tingatinga. Mkulima asiye na uhakika wa mpaka wake aulize kabla ya kupanda, asipande kwa bahati nasibu. Mbali na sheria, mafunjo yakifyekwa yote wanaondoka ndege wala wadudu, wanabaki wala nafaka, kwa sababu hawa wa pili hutosheka na mti wowote na waya wowote wa umeme.

Hao wala nafaka ndio hasa mnaonilalamikia. Ndegeya, kundi lile la manjano na nyeusi linalosuka viota kwenye minazi ya mapambo na matawi yanayoning'inia juu ya maji, huchana majani ya matoke kwa ajili ya ujenzi na hudonoa mahindi machanga. Watu humwita kwelea kwelea, naye siye. Kwelea kwelea ni wa mashamba makubwa ya mtama, ulezi na mpunga, huja kwa makundi makubwa mno, na mmoja anaweza kula gramu 10 za nafaka kwa siku. Ndegeya wa Kawempe ni wa mtaa, idadi yake inadhibitika, na vifaranga vyake hulishwa wadudu kwa wingi. Msimu wa kulea vifaranga, mzazi yule yule mnayemfukuza anaokota viwavi kwenye maharage yenu.

Hasara yake kwenye mahindi ina muda wake. Hatari kubwa ni punje zikiwa na maziwa, yapata juma la tatu baada ya ndevu kutoka, na saa mbaya ni mapambazuko na jioni. Ulinzi wa siku hizo chache unatosha. Chagueni mbegu ambayo maganda yake yanafunika gunzi hadi ncha. Muhimu kuliko yote, pandeni pamoja na majirani. Aliyepanda peke yake mapema, au peke yake kwa kuchelewa, huwalisha ndege wa bonde zima, lakini mashamba kumi yakikomaa juma moja kila mmoja hupoteza kidogo. Kwa matoke, majani machache yaliyochanwa si ugonjwa. Migomba iliyotunzwa kwa samadi hustahimili.

Sumu msiweke. Bunyala, magharibi mwa Kenya, kwenye mpunga, wawindaji walitia karbofurani ndani ya konokono ili kuua korongo na ndege wengine wa majini, kisha nyama ile ikauzwa na kuliwa na watu. Karbofurani ni dawa ya shambani, ya wadudu. Inaua ndege kwa chembe chache, na hubaki ndani ya mzoga.

Ng'aali, yaani korongo taji, nao hutajwa kila msimu kwamba wanafukua mbegu za mahindi na karanga. Ni kweli, hufanya hivyo siku za kwanza baada ya kupanda. Fukieni mbegu vizuri, na mtu azungukie shamba hadi miche ichomoze. Ng'aali ameorodheshwa miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka tangu 2012, analindwa na sheria, na kiota chake hujengwa kinamasini. Anayemwona Lubigi amwache apite.

Neno moja kuhusu kiwuugulu, yaani bundi. Bundi anafukuzwa kwa mawe kwa sababu ya imani, na huku panya wanakula mihogo na viazi vitamu ardhini. Mkiona mti anaolala, angalieni chini yake: kuna madonge ya kijivu aliyoyatapika. Yapasueni kwa kijiti, mtaona manyoya na mafuvu ya panya. Ushahidi huo unatosha. Na zile sumu za panya zinazoua polepole, baada ya siku kadhaa, ndizo zinazomuua bundi na kamunye, yaani mwewe, maana panya aliyelewa sumu hukamatwa kwa urahisi. Tumieni mitego. Aliyetumia sumu azike mizoga kila asubuhi.

Septemba na Oktoba angalieni juu. Mbayuwayu wa Ulaya watakuwa wamevuka Sahara wakiwa na uzito wa gramu 20 hivi tu, na mvua ya kwanza ikitoa kumbikumbi mtawaona wakiwagombania pamoja na watoto wenu wanaokusanya nswa hao. Keremkerem watapita pia kwa makundi, wakilia juu sana. Wenye mizinga ya nyuki huogopa, na ni kweli wanakula nyuki, lakini wengi wako safarini na huondoka baada ya siku chache. Hakuna haja ya manati.

Wafugaji wa kuku na bata wana jambo zito zaidi la kutazama. Januari 2017 homa ya ndege ilithibitishwa Uganda: wahamiaji wa majini aina ya buabua walikutwa wamekufa ufukweni Lutembe, kwenye Ziwa Viktoria, na ugonjwa ukathibitishwa pia kwa kuku na bata wa nyumbani Masaka. Tangu wahamiaji wanapofika hadi wanaporudi kwao Machi au Aprili, bata wasishuke mferejini, na chakula cha kuku kiwekwe chini ya paa. Ndege mmoja aliyekufa njiani si habari. Wakiwa kadhaa mahali pamoja, hasa wa majini, msiwaguse kwa mkono mtupu, msiwape mbwa, msiwatupe majini. Mpigieni simu afisa wa mifugo wa divisheni siku hiyo hiyo, mwambieni mahali na idadi, na msubiri aje kuchukua sampuli kabla ya mtu yeyote kufukia.