ELIMU YA AFYA: Simu, Barabara na Ubongo Unaoruka

Mhudumu wa bodaboda amebeba abiria na simu inalia mfukoni. Anaitoa, anatazama jina la anayepiga, kisha anainua macho. Kwake ni kama hakuna alichokosa. Hata hivyo, pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa husonga takriban mita 17 kila sekunde. Katika sekunde tatu za kutazama simu, amepita mita 50 bila kuiona barabara. Huo ni karibu nusu ya uwanja wa kandanda.

Wengi huamini kwamba kwa mazoea mtu anaweza kufanya yote mawili pamoja. Ukweli ni kwamba kazi mbili zinazohitaji fikra huulazimu ubongo kuruka kutoka moja hadi nyingine, na kila mruko una gharama yake.

Sehemu inayoelekeza umakini

Weka kiganja utosini, kisha kisogeze nyuma kidogo kuelekea kisogoni. Chini ya fuvu mahali hapo, kulia na kushoto, ipo sehemu ya ubongo iitwayo koteksi ya parietali. Hupokea habari kutoka kwa macho, masikio na ngozi, ikazipanga ili mtu ajue kila kitu kiko wapi na kipi kishughulikiwe kwanza. Hushirikiana na sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ambayo hushikilia lengo la mtu.

Mashine za kupiga picha za ubongo zimeonyesha kuwa koteksi ya parietali hufanya kazi zaidi pale mtu anapohamisha umakini au kubadili kazi.

Gharama ya kubadili kazi

Mwaka 1995, watafiti Robert Rogers na Stephen Monsell walichapisha matokeo ya majaribio ambamo watu walipokezanisha kazi mbili rahisi za herufi na tarakimu. Kila walipobadili kazi walichelewa na kukosea zaidi. Hata walipopewa muda wa kujiandaa, ucheleweshaji ulipungua lakini haukuisha.

Mwaka 2001, David Strayer na William Johnston wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, waliwapima watu katika zoezi la kuigiza udereva. Waliokuwa wakizungumza kwa simu walikosa kuona ishara nyingi zaidi, na walizoziona walichelewa kuzijibu. Kushika simu mkononi au kutumia kifaa cha masikioni hakukuleta tofauti. Macho yalikuwa barabarani, lakini umakini ulikuwa kwenye mazungumzo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa dereva anayetumia simu yuko katika hatari mara nne zaidi ya kupata ajali.

Sehemu hii ikiumia

Mwaka 1978, Edoardo Bisiach na Claudio Luzzatti walieleza habari za wagonjwa wawili wa Milan, Italia, walioumia upande wa kulia wa ubongo. Waliombwa wawazie wamesimama katika uwanja maarufu wa mji huo, wakitazama kanisa kuu. Walitaja hasa majengo ya upande wa kulia. Walipoombwa wawazie wamelipa kanisa mgongo, walitaja yale waliyoyaacha mwanzoni. Kumbukumbu ilikuwepo, ila umakini haukufika upande wa kushoto.

Hali hii huwapata baadhi ya watu waliougua kiharusi. Mgonjwa anaweza kula chakula cha upande mmoja wa sahani au kunyoa nusu ya ndevu. Hafanyi ukaidi wala hajarogwa. Anahitaji matibabu na uvumilivu wa jamaa.

Wakaazi wanashauriwa:

- Dereva au mhudumu wa bodaboda: zima sauti ya simu kabla ya kuondoka. Ikibidi kupiga, egesha kwanza mahali salama.
- Abiria: ukimwona dereva akitumia simu, mwombe aiweke kando. Una haki ya kufika salama.
- Anayepiga: ukijua mtu yuko barabarani, kata simu umpigie baadaye.
- Mzazi: mtoto anapodurusu, simu iwekwe chumba kingine.
- Uso ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, mpeleke mgonjwa hospitalini mara moja hata kama hasikii maumivu. Katika kiharusi, saa chache za mwanzo ndizo huamua kiasi cha ubongo kitakachookolewa.

Kwa dharura, piga 999 au 112. Kwa ushauri zaidi, zungumza na mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako au fika katika zahanati iliyo karibu.