Picha ya baba mkwe bandani

Shangazi,

Mimi ni mke wa mtu, nina watoto wawili, tunaishi Tanga. Mwaka jana mume wangu alimchukua baba yake kutoka kijijini tuishi naye, kwa kuwa mama mkwe alikwishatangulia mbele ya haki na mzee alibaki peke yake. Nyumba yetu ni ya bati, mchana ndani hakukaliki. Zamu yangu ya mchezo wa upatu ilipofika, fedha zote nilimpa fundi atujengee banda la makuti uani, la pembe sita, nguzo za mkaratusi, chini saruji. Pembeni nikapanda asmini.

Mzee alilipenda sana. Alihamishia humo kitanda chake cha kamba, redio na tasbihi, akawa anashinda humo tangu adhuhuri mpaka magharibi.

Nami nikawa napiga picha za banda na kuziweka Facebook na Instagram. Watu walilisifia, wengine wakauliza bei. Siku moja nilimkuta baba mkwe amelala fofofo, kavaa fulana na msuli, mguu mmoja unaning'inia, meno yake ya bandia yamo ndani ya bilauri juu ya kigoda. Niliona picha inachekesha na inapendeza, nikaiweka na kuandika "Babu anakula upepo". Fundi akaichukua na kuiweka kwenye ukurasa wake kutangaza kazi zake. Ikazunguka mpaka ikawafikia wazee anaokunywa nao kahawa.

Hakunisema hata neno. Lakini tangu siku ile hakanyagi bandani, anashinda chumbani na feni. Mume wangu anataka nifute picha zote za nyumba yetu na nisiweke nyingine tena. Naona ananionea, maana sikuwa na nia mbaya. Nifanye nini?

Mkazamwana, Tanga

*

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nakwama pale kwenye bilauri. Mtu mzima wa umri wa baba mkwe wako hayatoi meno yake mbele ya watu. Huyatoa akijua yuko kwake, waliopo ni mwanawe, mkwewe na wajukuu, na mgeni akibisha hodi atapata nafasi ya kuyarudisha kinywani na kuvuta shuka. Wewe ulimpiga picha katika saa ambayo alikuwa amejiachia kwa sababu anakuamini. Hilo ndilo lililomtoa bandani.

Kwamba hukuwa na nia mbaya, nakubali bila shaka yoyote. Mwenye nia mbaya hachukui fedha za mchezo, ambazo angeweza kununulia vitenge au kabati, akamjengea baba mkwe mahali pa kupumzikia. Ila aibu iliyompata mzee kwa wenzake wa kahawa haipungui kwa sababu ya nia yako.

Wazee wetu wa pwani walilifikiria jambo hili walipokuwa wanajenga. Ukienda Lamu, kwenye zile nyumba za mawe, utaona mgeni hukaa barazani, au kwenye daka lililo mbele ya mlango. Akiruhusiwa kuingia hupita sehemu ya kuingilia iitwayo tekani, na njia hupinda kabla ya kufika kiwandani, yaani ule ua wa ndani. Imepindishwa makusudi, ili anayepita mtaani asiwaone waliomo hata mlango ukiachwa wazi. Barazani mtu hutoka na kanzu na kofia yake. Ndani hukaa na msuli. Baba mkwe wako alilala uani, mwanangu, na simu yako ikambeba vile vile alivyo, na fulana yake na bilauri yake, ikamlaza barazani mbele ya watu asiowajua.

Kwa hiyo kabla ya kumwendea, safisha kwanza. Futa ile picha kila ulipoiweka. Kisha mpigie fundi, umwambie aitoe kwenye ukurasa wake, na baada ya simu umwandikie ujumbe ili ubaki na ushahidi. Usimwombe kwa woga. Picha umeipiga wewe, hakimiliki ni yako, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda picha kama inavyolinda kitabu na wimbo. Kukujengea banda hakukumpa ruhusa ya kutangazia biashara yake kwa picha zako. Mzee naye ana haki yake mwenyewe. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume inayopokea malalamiko ya namna hii. Naamini hamtafika huko. Fundi anayetaka kazi nyingine mtaani kwenu ataitoa siku hiyo hiyo.

Kwa ndugu na jamaa waliotumiana kwenye WhatsApp, omba mmoja mmoja waifute. Ukiiweka kwenye sehemu ya hali hutoweka baada ya saa 24, lakini aliyekwisha kuihifadhi anayo. Zipo zitakazobaki kwenye simu za watu, na mzee akikuuliza, mwambie hivyo hivyo. Usimpe ahadi usiyoweza kuitimiza.

Sasa msamaha. Najua heshima ya ukwe ilivyo. Maneno mazito ya mkazamwana kwa baba mkwe hupitia kwa mama mkwe, na kwenu mama mkwe hayupo tena. Hata hivyo usimtume mume wako akuombee. Nendeni wote wawili baada ya magharibi, yeye akae awe shahidi, nawe ukae chini na useme kwa kinywa chako: "Baba, nimekukosea. Nilikupiga picha umelala bila kukuuliza, nikaitoa nje. Naomba unisamehe." Usimwambie watu wengi waliipenda. Usimwambie ulikuwa unatania. Na usiingie na kanzu mpya mkononi siku hiyo, mzee asije akadhani unamlipa. Akinyamaza, mwache anyamaze. Huenda akahitaji siku kadhaa.

Kwa upande wa mume wako, namwambia naye: baba ni wako na hasira yako naielewa, lakini umevuka mpaka unapotaka zifutwe picha zote. Mkeo kajenga kitu kizuri kwa fedha zake na ana haki ya kujivunia. Tena wanaouliza bei wanajifunza. Wapo vijana mjini ambao hawajawahi kuona makuti ya viungo yanavyofungwa kwenye fito, wala hawajui kwamba paa la makuti lisipokuwa na mwinamo mkali maji hukawia juu yake na makuti huoza upesi. Aendelee kuonyesha.

Ila aonyeshe banda tupu. Akiwemo mtu, aulizwe kwanza na aonyeshwe picha kabla haijatoka. Watoto wenu bado wadogo kukataa, basi wakatalieni ninyi kwa niaba yao. Na picha zisionyeshe geti lenu wala namba ya gari, wala zisitaje mtaa mnaokaa.

Jambo jingine, mwanangu. Katika zile picha tatu za banda ulizoniambatanishia (nashukuru ile ya mzee hukuniletea), moja naona jiko la mkaa limewekwa chini kabisa ya ukingo wa makuti. Makuti makavu yakipata cheche moja na upepo wa bahari, moto humwahi mtu. Liondoe leo, kabla hujafuta picha yoyote.

Mzee akishakusamehe, rudisha kitanda chake cha kamba bandani, redio na tasbihi, na kile kigoda cha bilauri. Mwambie upepo umeanza kuvuma, aje alale. Simu yako uiache ndani ya nyumba.

Shangazi