Kijana Mkatoliki na riwaya ya kutisha: tuongee kuhusu "Marina"



Leo tuongelee kitabu ambacho kimetugawa kweli kweli. Kinaitwa Marina, riwaya ya Mhispania Carlos Ruiz Zafón. Kilitoka kwa Kihispania mwaka 1999 na kwa Kiingereza mwaka 2013, na ni kati ya vitabu vyake vya vijana. Kikundi chetu tulikisoma kwa Kiingereza, kwa kupokezana. Tahadhari mapema: nitagusa hadi mwisho wake, kwa hiyo kama hupendi kuharibiwa hadithi, kasome kwanza halafu urudi.

Ni Barcelona, mwishoni mwa mwaka 1979. Óscar, kijana wa miaka 15 anayesoma shule ya bweni, anakutana na Marina, binti anayeishi na baba yake Germán katika jumba kuukuu lililojaa vivuli. Kwenye makaburi ya Sarrià wanamwona mwanamke aliyevaa nguo nyeusi akizuru kaburi lisilo na jina, lenye alama ya kipepeo mweusi tu. Wanamfuata. Hapo ndipo mambo yanapoanza: banda la vioo lenye wanasesere wanaoning'inia, albamu ya picha za watu wenye maumbile yaliyoharibika, na jina la mtu mmoja, Mijail Kolvenik, aliyekuwa fundi wa viungo bandia.

Sasa maoni. Mwenzetu mmoja alifika kwenye wanasesere akafunga kitabu. Alisema Mkatoliki hawezi kulisha roho yake giza namna hii. Mwingine alikimaliza usiku mmoja, akaja kwenye mkutano macho mekundu. Wa tatu alimzika dada yake mwaka jana. Yeye alisema hiki ni kitabu cha kwanza ambacho hakikumwambia anyamaze.

Nianze na hoja ya giza, maana ni ya haki. Kuna hadithi zinazopamba uovu mpaka ukautamani. Marina siyo ya namna hiyo. Humo hakuna anayeita mizimu wala anayefundishwa uchawi. Kolvenik ni fundi na mfanyabiashara, na tunachoogopa ni kile mtu mwenye akili nyingi anachoweza kufanya akikataa kuwa kiumbe. Na jamani, tusijifanye Biblia yetu ni kitabu cha maua. Ezekieli sura ya 37 ni bonde zima la mifupa. Yuditi anarudi mjini na kichwa cha jemadari. Mbele ya kaburi la Lazaro, Martha anataja harufu ya maiti bila kuona haya. Hayati Papa Fransisko aliandika barua nzima mwaka 2024 juu ya faida ya fasihi katika malezi, na humo akakumbuka alivyofundisha fasihi kule Santa Fe, Argentina, miaka ya 1964 na 1965. Wanafunzi hawakutaka kitabu cha mtaala, walimtaka García Lorca. Akawaambia cha mtaala wasome nyumbani, darasani wajadili waandishi wanaowapenda. Huyo ni mwalimu!

Lakini kama kitabu kinakunyima usingizi, kiache. Mdogo wako wa miaka 10 naye usimpe. Kuacha kitabu siyo upungufu wa imani.

Hoja ya pili ilitoka kwa wasomaji wenye jicho kali: eti hivi ni vitabu viwili vilivyoshonwa pamoja, kimoja cha Kolvenik na viumbe vyake, kingine cha Marina na ugonjwa wake. Mimi naona ni swali moja linaloulizwa mara mbili. Kolvenik alianza vizuri, akiwatengenezea mikono na miguu watu waliopoteza yao. Kisha mwili wake mwenyewe ukaanza kuharibika kwa ugonjwa, naye akaamua kwamba kifo hakitampata, gharama iwe yoyote. Daktari aliyekuwa karibu naye anaitwa Shelley, na binti yake María. Anayemjua mwandishi wa Frankenstein ya mwaka 1818 atatabasamu hapo.

Wakati huohuo, nyumbani kwa Marina kuna safari za hospitali. Óscar anadhani mgonjwa ni baba. Kumbe ni Marina. Naye Marina, aliyejua muda wote, hajengi mashine ya kukwepa. Anampenda baba yake, anacheka na Óscar, anaishi siku zake. Anakufa kijana, na hakuna muujiza.

Hapa Kanisa lina neno ambalo vijana wengi hatujawahi kulisikia. Kutafuta tiba ni wajibu mwema, na kiungo bandia ni baraka kwa aliyekatwa mguu. Ila Katekisimu, namba 2278, inakubali kwamba matibabu mazito yasiyolingana na matokeo yake yanaweza kusitishwa. Hapo hatuui mtu, tunakubali kwamba hatuwezi kukizuia kifo. Ninyi mnaouguza wazazi mnajua uamuzi huo ulivyo mgumu wodini saa nane za usiku.

Hoja ya tatu ndiyo inayoniuma: kitabu hakina matumaini. Nusu nakubali. Zafón alisoma kwa Wajesuiti huko huko Sarrià, lakini hakuandika katekesi, na sisi tusikibatize kitabu chake kwa nguvu. Riwaya hii inaijua Ijumaa Kuu na Jumamosi Kuu. Jumapili haimo. Kile Kolvenik anachokiita uhai ni mwili uliolazimishwa kutembea, wenye hofu ileile ya kufa. Yeye anachukia jeraha, anataka lifutwe. Yesu Mfufuka, katika Yohane 20, anamwonyesha Tomaso makovu yake. Hakuyaficha.

Na kabla ya kumfufua Lazaro, akijua fika atakachofanya, alilia. Sisi kwenye misiba tuna haraka sana ya kumwambia mfiwa "usilie, ni mapenzi ya Mungu", tena chakula cha msiba hakijaiva. Mwenzetu yule alikuwa ameambiwa hivyo na watu wengi wema.

Kwa mkutano ujao, someni Yohane 11 yote kwanza, halafu sura za mwisho za Marina, kwa mpangilio huo. Njooni na majina ya marehemu wenu, tutayaombea pamoja. Na swali la kujadili: Germán alikuwa mchoraji, lakini mkewe alipofariki aliweka brashi chini. Ungekuwa rafiki yake, ungemwambia nini, au ungekaa naye tu?