Biskuti za Mgonjwa wa Kisukari

Watu wengi hudhani ya kuwa mgonjwa wa kisukari akikatazwa sukari tu, vyakula vingine vyote ni halali kwake. Sivyo. Twaeni kipande cha mkate mkavu, mkitafune kwa muda mrefu pasipo kukimeza. Kitaanza kuwa kitamu, kwa kuwa mate huugeuza wanga wa unga kuwa sukari. Kazi iyo hiyo hutimizwa katika utumbo, na sukari ile huingia damuni.

Katika mwili wenye afya, kiungo kiitwacho kongosho hutoa insulini, nayo huifungulia sukari njia ya kutoka damuni na kuingia katika nyama za mwili. Mgonjwa huyu hana insulini ya kutosha, au mwili wake hauitii. Zamani watoto walioshikwa na ugonjwa huu walikufa. Mwaka 1921, mjini Toronto katika nchi ya Kanada, Frederick Banting na wenzake walifaulu kuitoa insulini katika kongosho za mbwa, na mwaka 1922 watu wakaanza kudungwa.

Basi biskuti zake zataka unga mchache na karanga nyingi, maana karanga zina mafuta mengi na wanga kidogo. Asali nayo ni sukari, ingawa wazee waisifu kuwa dawa, msiitie.

Kaangeni karanga vikombe 2, mzipepete maganda, mzitwange mpaka zilainike. Changanyeni na nusu kikombe cha unga wa ngano usiokobolewa, nazi iliyokunwa konzi 1, mayai 2, iliki na chumvi kidogo. Fanyeni vidonge 20, kila kimoja kadiri ya ndimu ndogo, mvibonyeze viwe bapa. Pakeni sufuria mafuta, mvipange, mfunike. Makaa machache yawe chini, na mengi juu ya kifuniko. Baada ya robo saa vitazameni; vikiwa vya hudhurungi, epueni. Msivishike mpaka vipoe, maana vikiwa vya moto huvunjika upesi. Msitazamie utamu wa sukari: ladha yake ni ya iliki na karanga, nayo si haba.

Mbili zatosha kwa chai isiyotiwa sukari. Akila kumi, tumefanya kazi bure.

Tena, mgonjwa atumiaye insulini pengine sukari yake hushuka mno. Hutetemeka, hutoka jasho, hunena ovyo. Saa ile biskuti hizi hazimfai, wala msimnyime sukari kwa kuuogopa ugonjwa wake. Koroga upesi vijiko 3 vya chai vya sukari katika maji, umpe anywe, ukamwite mtu mzima. Akiwa amezimia, usimtie kitu cho chote kinywani, asije akapaliwa. Mlaze kwa ubavu, na watu wamchukue hospitali pasipo kukawia.