Kumtenga Mtoto wa Okidi

Swali: Okidi yangu aina ya Phalaenopsis imechipua mtoto kwenye bua la maua. Nimtenge lini, na nimpande vipi?

Jibu: Usiwe na haraka. Mche huo bado unanyonya kwa mama yake. Ukiukata mapema utasinyaa. Subiri upate majani mawili au matatu, na mizizi kadhaa yenye urefu wa sentimita 5 hadi 8.

Pitisha wembe kwenye moto, uache upoe, kisha kata bua sentimita 2 juu na chini ya mche. Paka kidonda unga wa mdalasini kuzuia kuvu, ila usiguse mizizi, maana huikausha. Loweka mizizi kwa dakika 15: rangi ya fedha itageuka kijani, nayo italainika isivunjike ukiipanda.

Chagua chungu kidogo chenye matundu. Usitie udongo wa bustani, kwani mizizi hii hutaka hewa. Tumia vipande vya magome ya mti na mkaa uliooshwa. Usifukie shina. Weka chungu penye mwanga bila jua kali, na umwagilie tu mizizi inaporudia rangi ya fedha. Maua huchukua miaka 2 au 3. Utunze kwa subira.