Unga Mwilini, Harage Puani: Mtaalamu wa Malezi Anajibu

Mtoto akishajua kutembea, nyumba nzima huwa mali yake. Atafungua kila kopo na kuonja kila kilichomo. Maswali yafuatayo ni yale ambayo wazazi wa watoto wa mwaka mmoja hadi minne huniuliza mara kwa mara, mengine wakicheka, mengine wakitetemeka.

Swali: Mwanangu wa miaka miwili alimwaga unga wa sembe jikoni, akajipaka kuanzia nywele hadi vidole vya miguu. Nilicheka hadi nikakaa chini. Tangu siku hiyo, nikigeuka tu, anaufuata unga. Je, nimemharibu?

Hujamharibu, mama. Ila amegundua kuwa unga unamfurahisha mama. Hata kabla ya kutimiza mwaka, mtoto huona kitendo gani kinawachekesha wakubwa, naye hukirudia kwa bidii. Lakini kicheko chako si sababu pekee. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, aliwachunguza kwa makini watoto wake watatu, Jacqueline, Lucienne na Laurent, na mwaka 1936 akachapisha aliyoyaona. Alieleza jinsi mtoto wa mwaka mmoja na zaidi anavyoangusha kitu, akakiokota, akakiangusha tena kwa namna nyingine ili aone kutatokea nini. Mwanao anafanya hivyo hivyo. Unga unapaa, unateleza, unaacha alama ya kiganja sakafuni. Kwake hayo ni mambo makubwa.

Kwa hiyo, kicheko kikikujia, geuza uso kidogo kipite. Kisha sema kwa sauti yako ya kawaida: "Unga umemwagika. Tuufagie." Mpe ufagio mdogo au kitambaa. Atasambaza zaidi ya atakachokusanya, nawe utalazimika kurudia kazi. Mwache ashiriki hivyo hivyo, kwa sababu ndivyo anavyojua kwamba kilichomwagika kinasafishwa, na yeye ni mmoja wa wasafishaji. Baadaye mpe mchanga na vikombe viwili nje, ukiwa karibu, amimine mpaka achoke. Unga upandishe juu.

Swali: Binti yetu wa miaka mitatu ameingiza harage puani. Bibi yake anataka kulichokoa kwa pini ya nywele.

Shikamoo bibi, na tafadhali weka pini chini. Kuchokonoa hulisukuma ndani zaidi. Pia msingoje hadi kesho: harage hufyonza unyevu wa pua na kuvimba.

Kama mtoto anapumua vizuri na ametulia, kuna njia ambayo madaktari wenyewe huwaelekeza wazazi. Mwambie unampa busu kubwa. Ziba kwa kidole tundu la pua lisilo na harage, funika mdomo wake wazi kwa mdomo wako, kisha puliza pumzi moja fupi yenye nguvu. Hewa hupita nyuma ya pua na kulisukuma harage nje. Njia hii hufaulu takriban mara 6 kati ya 10. Ikishindikana mara mbili, nendeni kituo cha afya. Na kama kilichoingia ni betri ndogo ya duara, ile ya saa au kidude cha kuchezea, msijaribu chochote nyumbani. Nendeni hospitali saa hiyo hiyo, kwani betri huunguza nyama ya ndani kwa muda mfupi sana.

Swali: Sufuria ilimnasa mwanangu kichwani. Majirani walijaa uani, wengine wakimpiga picha.

Waondoe watu kwanza. Mtoto aliyeogopa hulia na kujikunjakunja, na kazi inazidi kuwa ngumu. Hakikisha hewa inaingia, mpake mafuta ya kupikia kwenye paji la uso na masikio, yalaze masikio, kisha izungushe sufuria taratibu badala ya kuivuta kwa nguvu. Ikikataa, tafuta msaada. Tanzania, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupigiwa namba 114.

Kuhusu picha, msimamo wangu ni mkali. Mtoto anayelia kwa hofu hajakubali kuwa kichekesho cha mtaa mzima. Waombe wazifute.

Swali: Mama mkwe anasema fimbo moja ingemaliza utundu wote huu.

Kwa heshima zote kwa mama, sikubaliani naye. Mtoto wa miaka miwili hawezi bado kupima matokeo kabla ya kutenda. Fimbo itamfundisha kuogopa anayeishika, na hapo ndipo hatari ilipo. Siku moja mtoto huyo atameza kidonge cha babu. Aliyezoea kusikilizwa atakuja kukuonyesha kopo. Aliyezoea kuchapwa atajificha chini ya kitanda, nawe utapoteza dakika ambazo daktari angezihitaji sana. Namna unavyopokea unga uliomwagika leo ndiyo itakayoamua kama siku hiyo atakukimbilia.

Kumkataza bado ni kazi yako. Mkataze kwa maneno machache, mwondoe mahali pale, na umpe kitu kingine cha kufanya.

Swali: Ni wakati gani si jambo la kucheka kabisa?

Akinywa mafuta ya taa, usimtapishe. Yakipanda tena yanaweza kuingia mapafuni, na huko ndiko yanakoua. Mpeleke hospitali pamoja na chupa yenyewe. Akimwagikiwa uji wa moto, mwagia sehemu iliyoungua maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, yai wala unga.

Na kuna ndoo. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito kuliko nguvu za mikono yake. Akiinama akatumbukia hawezi kujinyanyua, na maji ya sentimita 5 tu yanatosha kumzamisha, tena kimya kimya.

Leo usiku kabla ya kulala, funika ndoo zote kwa vifuniko vinavyobana, na mafuta ya taa yaliyomo kwenye chupa ya soda yahamishie kwenye kidumu, ukiweke mahali asipofika.