Safari ya Kiomboi

Katika mwezi wa Agosti, mwaka 1994, vijana wanne waliosoma chuo kimoja walishika njia kutoka Dodoma kwenda Kiomboi, nchi ya Iramba, katika Mkoa wa Singida. Mmoja wao alikuwa mwenyeji wa huko, naye aliwaalika wenzake waje kuwaamkia wazazi wake baada ya mavuno. Wa pili alikuwa mtu wa Tanga, wa tatu wa Bukoba, na wa nne wa Moshi. Motokaa yao ilikuwa Land Rover kuukuu. Ndani yake walipakia gunia la mchele, madebe mawili ya maji, na jogoo mmoja aliyeletwa na yule wa Moshi awe zawadi ya wazee. Mwenyeji alipomwona jogoo huyo alicheka sana, maana kupeleka kuku Singida ni sawa na kupeleka nazi Tanga.

Walipita Bahi, penye mashamba ya mpunga, hata wakafika chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Hapo njia hupanda kama ngazi. Walipofika juu walisimama kidogo, wakageuka kutazama nyuma, wakaona uwanda wote wa Bahi umelala chini yao, mweupe kwa ukavu.

Mbele yao ilikuwa Manyoni. Nchi hiyo ya Manyoni na Itigi ina sifa ya zamani. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita huko, nao wapagazi waliiita Mgunda Mkali, maana yake shamba kali, kwa sababu ya jua lake na uhaba wa maji. Waingereza Burton na Speke walipita njia hiyo mwaka 1857. Mpagazi alichukua mzigo wake begani na kibuyu chake kiunoni, na kibuyu kikipasuka njiani alikuwa katika hatari kubwa kuliko aliyepoteza mzigo.

Kijana wa Bukoba, ambaye kwao migomba ni ya kijani mwaka mzima, aliona vichaka vyote havina jani hata moja. Akauliza, "Je, miti hii imekufa?"

Mwenyeji akajibu, "Haikufa, ndugu yangu. Imefunga mlango."

Alisema kweli. Katika nchi za kaskazini, kama Marekani, mingi ya miti hupukutisha majani mwezi wa Oktoba, baridi inapokaribia, na watu husafiri mbali kwenda kuyatazama majani yakigeuka rangi, mekundu na ya manjano. Huku kwetu miti hupukutisha kwa sababu ya kiu. Jani hutoa maji hewani kila jua linapowaka, kama nguo iliyoanikwa. Basi mti ambao mizizi yake haipati maji huyaacha majani yake yaanguke, ukabaki na maji machache yaliyomo ndani ya shina. Mvua huanza Novemba au Desemba, nayo hukoma mwezi wa Aprili au Mei. Lakini miti mingine ya miombo haingoji mvua. Huchipua majani mapya mekundu kabla tone la kwanza halijaanguka.

Walipopumzika Manyoni, kijana wa Tanga alishuka, akachukua debe moja la maji, akanawa uso na miguu, kisha akaosha vioo vya motokaa, na yaliyobaki akayamwaga juu ya boneti ili vumbi litoke. Mwenyeji alimtazama asiseme neno. Mgeni hakaripiwi siku ya kwanza. Walakini pengine ingefaa aseme.

Siku hizo barabara ya Manyoni kwenda Singida ilikuwa bado haijatiwa lami. Jua lilipokuwa la utosi, mvuke ulitoka chini ya boneti, na injini ikazimika. Mpira unaopeleka maji kwenye rejeta, yaani chombo kinachopoza injini, ulikuwa umepasuka. Kijana wa Moshi, aliyekuwa fundi wao, aliufunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli, wakasubiri injini ipoe, wakatia maji ya debe la pili. Mpira uliachia, na maji yote yakamwagika mchangani. Akaufunga tena, mara hii kwa waya, ukashika barabara. Lakini maji hayakuwapo tena, hata ya kunywa.

Mbele kidogo palikuwa na mto wa mchanga, mkavu kabisa. Katikati ya mchanga huo alikuwako mama mmoja pamoja na binti zake wawili, nao walikuwa wameketi kando ya shimo refu kama kimo cha mtu. Vijana wakamwendea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Chombo chenu kimewalaza njiani?"

"Ndiyo, mama. Tunaomba maji."

Mama alitazama ndoo zake. Moja ilikuwa imejaa, ya pili ilikuwa nusu. Akachukua kata, akawanywesha wote wanne kutoka katika ile iliyojaa. Kisha akasema, "Hayo ya kunywa ni yenu. Ya motokaa shukeni mteke wenyewe; sisi tupo hapa tangu alfajiri."

Mgeni hushangaa kuona maji ndani ya mto uliokauka. Wakati wa masika mto hufurika siku chache, na maji mengine huzama katika mchanga mpaka yazuiwe na mwamba au udongo mgumu ulio chini. Jua haliwezi kuyafikia huko, wala ng'ombe hawawezi kuyachafua. Mchanga ni ghala, na watu wa nchi kavu hulijua ghala hilo kama wajuavyo ghala la mtama. Ila mlango wake ni mdogo. Maji hujipenyeza polepole ubavuni mwa shimo, na mtekaji akiteka kata nne au tano yampasa angoje.

Aliyeshuka ni kijana wa Tanga. Hakuna aliyemwambia. Aliteka, akangoja, akateka tena. Binti mdogo wa yule mama alimwonyesha namna ya kuilaza kata isiguse tope. Alihesabu kata 38 hata debe likajaa, na jua lilikuwa limekwisha inama alipotoka shimoni, magoti yametapakaa udongo. Debe hilo alilichukua mwenyewe kichwani mpaka motokaani.

Walilala Singida. Asubuhi waliona maziwa mawili yaliyo kando ya mji, Singida na Kindai, na ndege wa rangi ya waridi wenye miguu mirefu wamesimama majini. Maziwa hayo hayana mto wa kuyatoa maji kwenda baharini. Jua huyanywa maji, chumvi ikabaki. Ndiyo sababu mtu aweza kusimama ukingoni mwake na bado akawa na kiu.

Kabla ya kukata njia ya Kiomboi, mwenyeji aliwapeleka mbele hata Sekenke, mahali ambapo uwanda wa juu wa Iramba huanguka ghafula. Huko Wadachi walichimba dhahabu, na mwaka 1916, wakati wa Vita, dhahabu ya Sekenke ilitumika kupiga sarafu za Tabora zenye picha ya tembo. Chini waliona mbuga ya Wembere. Wakati wa mvua mbuga hiyo hugeuka bwawa, na maji yake huenda ziwa la Kitangiri, kisha kwa mto Sibiti hufika ziwa la Eyasi, na huko safari yake hukoma.

Jioni walifika nyumbani. Wazee waliwapokea kwa furaha, na jogoo wa Moshi akafunguliwa kati ya kuku wengi wa uani, akapigwa na jogoo wa pale mara moja. Mama wa mwenyeji akawapelekea wageni maji ya kuoga, ndoo moja kwa kila mtu.

Kijana wa Tanga aliitazama ndoo yake bila kuigusa. Akauliza, "Mama, maji haya mmeyateka wapi? Ni mbali?"

"Oga, mwanangu," akasema mama. "Mgeni haulizi hayo."

Aliingia uani akaoga. Alipotoka, ndoo ilikuwa na maji zaidi ya nusu, naye akaenda kuiweka kimya karibu na mtungi wa jikoni.